Likizo ya skii: Safari ya theluji inayohitaji kamati

Kila mwaka, majira ya baridi yanapoingia katika nchi za kaskazini mwa dunia, mamilioni ya watu hufunga mizigo na kuelekea milimani kwa ajili ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji, maarufu kwa jina la skii. Wachache kati yao husafiri peke yao. Tangu ilipoanza zaidi ya karne moja iliyopita, likizo ya skii imekuwa safari ya kundi: jamaa, wafanyakazi wa ofisi moja, wanafunzi wa chuo kimoja au wanachama wa klabu.

Kwa Mwafrika Mashariki anayeishi Ulaya, Marekani au Ghuba, mwaliko wa safari kama hiyo huja mara nyingi kutoka kwa mfanyakazi mwenzake au rafiki wa masomoni. Nyuma ya mwaliko huo yako mambo mazito: fedha nyingi zinazolipwa miezi kadhaa kabla, viza inayoweza kukataliwa, goti linaloweza kuteguka siku ya kwanza, na mlima usiomjali mgeni wala mwenyeji.

Makala haya yanaeleza mchezo huo ulikotoka, jinsi makundi yanavyoandaa safari zake, na mambo yanayoamua iwapo wasafiri watarudi nyumbani wakiwa wazima na wangali marafiki.

Mbao za Norway, watalii wa Uingereza

Neno skii lina asili katika lugha ya kale ya Skandinavia, na maana yake ni kipande cha mti kilichopasuliwa. Kwa maelfu ya miaka watu wa kaskazini mwa Ulaya na Asia walizitumia mbao hizo kwa kuwinda na kusafiri, si kwa starehe. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, wakati Sondre Norheim, mtu wa kawaida kutoka Morgedal katika eneo la Telemark nchini Norway, alipoboresha namna ya kufunga kiatu kwenye ubao. Mtelezaji akaweza kupinda na kuruka bila ya ubao kumtoka mguuni.

Hata hivyo, likizo ya skii kama inavyojulikana leo ni zao la Waingereza kwa kiasi kikubwa. Klabu ya Skii ya Uingereza iliasisiwa London mwaka wa 1903. Katika miaka hiyo, Henry Lunn alikuwa akipeleka makundi ya watalii nchini Uswisi wakati wa baridi, msimu ambao hoteli nyingi za milimani zilikuwa zimezoea kufunga milango. Mwanawe, Arnold Lunn, ndiye aliyepanga mashindano ya kwanza ya slalomu ya kisasa, yaani kupita katikati ya vijiti vilivyosimikwa mteremkoni, katika kijiji cha Mürren mwaka wa 1922.

Mwaka wa 1936 ulileta mambo mawili. Mashindano ya kuteremka mlima yaliingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, huko Garmisch-Partenkirchen nchini Ujerumani. Mwaka huo huo, lifti ya kwanza ya viti duniani ilianza kazi Sun Valley katika jimbo la Idaho, Marekani. Mhandisi aliyeibuni alikuwa amewahi kushughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa kulabu ya ndizi, akaweka kiti cha mtu. Tangu hapo mtelezaji hakulazimika tena kupanda kwa miguu saa nzima ili ateremke kwa dakika chache.

Udugu wa mlimani

Kwa muda mrefu, mchezo huu ulionekana kuwa wa watu weupe wenye fedha. Nchini Marekani, wapenzi wa skii wenye asili ya Afrika walijikuta kila mmoja akiwa peke yake katika foleni ya lifti. Jibu lao lilikuwa kuunda klabu. Miongoni mwa klabu za mwanzo kabisa ilikuwa Jim Dandy, iliyoanzishwa mjini Detroit mwaka wa 1958.

Mwaka wa 1973, Ben Finley wa klabu ya Four Seasons West ya Los Angeles na Arthur Clay wa klabu ya Sno-Gophers ya Chicago waliziita klabu za watelezaji weusi zikutane Aspen, katika jimbo la Colorado. Klabu 13 ziliitikia wito, na watu zaidi ya 300 wakahudhuria. Waasisi hao wamesimulia kwamba wakuu wa jimbo waliingiwa na wasiwasi kiasi cha kuliweka tayari jeshi la akiba. Walichokikuta ni watu waliokuja kuteleza, kula na kucheza muziki.

Kutokana na mkutano huo kulizaliwa chama kiitwacho National Brotherhood of Skiers, yaani Udugu wa Kitaifa wa Watelezaji. Pamoja na kuandaa mikutano ya kilele, chama hicho kimechangisha fedha za kuwasaidia vijana weusi wenye vipaji kufikia mashindano makubwa. Mnamo Februari 2023, kiliadhimisha miaka 50 huko Vail, Colorado. Finley na Clay wameingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo nchini Marekani.

Somo la Aspen linatumika kwa kundi lolote, hata la watu wanane. Wingi humwondolea mgeni upweke, humpa mwanagenzi mtu wa kumtazama, na huwapa waandaaji nguvu ya kupatana bei na hoteli. Mtu mmoja akiomba punguzo hupewa tabasamu; watu 40 wakiomba, huitiwa meneja.

Kutoka Kilifi na Eldoret

Afrika Mashariki nayo ina historia fupi lakini ya kweli katika mchezo huu. Mwaka wa 1912, Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro na kutumia skii katika kuteremka Kibo. Mojawapo ya barafuto za mlima huo bado huitwa kwa jina la Furtwängler.

Katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka wa 1998, Philip Boit, mkimbiaji kutoka eneo la Eldoret aliyekuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla, alishiriki mbio za kilomita 10 za skii ya masafa. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kuvishwa medali hadi Mkenya huyo afike, akamkumbatia kwenye mstari wa mwisho. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi tena katika Olimpiki za mwaka wa 2002 na 2006.

Miaka 20 baada ya Nagano, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang ya mwaka wa 2018. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii ya kuteremka mlima, na mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Kwa wakazi wa Oman na nchi nyingine za Ghuba, mlango wa kwanza wa mchezo huu mara nyingi ni ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka wa 2005 ndani ya jengo la maduka. Una njia tano, na iliyo ndefu kuliko zote ina urefu wa mita 400. Kumbi za namna hiyo si za kudharauliwa. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana, aliyeshiriki Olimpiki ya Vancouver mwaka wa 2010, alijifunzia katika ukumbi wa ndani mjini Milton Keynes, Uingereza. Masomo mawili au matatu katika ukumbi kama huo, kabla ya safari, humwokolea mwanagenzi siku nzima ya mlimani.

Kamati, mweka hazina na kalenda

Wahenga walisema mipango si matumizi, na hakuna safari inayouthibitisha usemi huo kama hii. Makundi yanayofanikiwa huendesha safari yao kama kamati ya harusi: mwenyekiti anayeamua mijadala isipokwisha, mweka hazina anayetunza daftari la michango, na mtu mmoja wa kuwasiliana na hoteli na kampuni ya usafiri.

Kazi ya kwanza ya kamati ni kuuliza maswali matatu kwa kila msafiri: amewahi kuteleza au la, ana uwezo wa kulipa kiasi gani kwa jumla, na anataka kupata nini katika safari hiyo. Majibu huonyesha mapema kama kundi lina wanagenzi wengi wanaohitaji miteremko ya taratibu, au mabingwa wanaotafuta miinuko mikali. Kosa la kawaida ni kuwaacha mabingwa wachague mahali, kisha wanagenzi watumie wiki nzima wakiogopa.

Katika milima ya Alps, msimu huanzia Desemba hadi Aprili. Wiki za Krismasi, Mwaka Mpya na likizo za shule za mwezi Februari ndizo ghali na zenye msongamano kuliko zote. Januari huwa na bei nafuu, lakini baridi yake ni kali na siku ni fupi. Machi huleta siku ndefu na jua, ingawa theluji huweza kulainika mchana.

Katika nusu ya kusini ya dunia, msimu huangukia kati ya Juni na Septemba. Lesotho ina kituo cha Afriski katika milima ya Maluti, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, na wateja wake wengi hutoka Afrika Kusini. Kaskazini mwa bara, Morocco ina kituo cha Oukaïmeden katika milima ya Atlas, kusini mwa Marrakech, ambacho hufuata msimu wa baridi wa kaskazini.

Mwinuko ni jambo la kuangaliwa. Val Thorens nchini Ufaransa, kituo kilicho juu kuliko vyote barani Ulaya, kiko mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Breckenridge, Colorado, uko karibu mita 2,900. Mtu wa Eldoret, aliyezoea mita 2,100, hatasumbuka sana Val Thorens. Aliyetoka moja kwa moja Mombasa, Zanzibar au Muscat anaweza kuumwa kichwa na kukosa usingizi siku mbili za mwanzo, na anashauriwa kunywa maji mengi na kuanza taratibu.

Gharama zinazofichwa na zilizo wazi

Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa huwa ni ya nauli na chumba tu. Mweka hazina makini huandika mafungu saba: nauli, malazi, pasi ya lifti, kukodi vifaa, masomo, bima na chakula. Pasi ya lifti peke yake inaweza kulingana na gharama ya malazi. Katika msimu wa 2024/25, tiketi ya siku moja iliyonunuliwa dirishani huko Vail ilipita dola 300 za Marekani. Aliyenunua pasi ya msimu miezi kadhaa mapema alilipa kwa siku sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Nchini Ulaya, vituo vya Ufaransa, Uswisi na Austria hutofautiana sana kwa bei, na Uswisi kwa kawaida ndiyo ghali zaidi. Bansko nchini Bulgaria hupendwa na makundi yenye bajeti ndogo. Mwanagenzi hana haja ya pasi ya eneo lote: vituo vingi huuza pasi ya bei nafuu kwa miteremko ya chini, na baadhi huruhusu lifti za wanaojifunza zitumiwe bure.

Tatizo kubwa la makundi, hata hivyo, si bei bali ahadi. Mtu hutaja jina lake Septemba, nyumba ya watu 12 hukodiwa, kisha Desemba anajiondoa na pengo lake kuwaangukia wenzake. Dawa yake ni arbuni isiyorudishwa, inayolipwa kabla ya nafasi yoyote kukatwa, na sharti lililoandikwa kwamba anayejiondoa hutafuta mtu wa kuchukua nafasi yake. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu kila mtu aliona haya kulisema jambo hilo mwanzoni.

Kwa wakazi wa Uingereza, ni vyema kuhakikisha kwamba safari inayouzwa pamoja na ndege ina kinga ya ATOL, mpango ulioanza mwaka wa 1973. Mpango huo humlinda msafiri iwapo kampuni iliyomuuzia safari itafilisika.

Viza na bima

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen kwa vituo vya Ufaransa, Austria, Italia au Uswisi, isipokuwa wawe na kibali cha kuishi kilichotolewa na mojawapo ya nchi za eneo hilo. Kibali cha kuishi Uingereza au Oman hakiondoi sharti hilo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15, lakini nafasi za mahojiano hujaa mapema wakati wa Krismasi. Mwombaji lazima awe na bima ya matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000.

Andorra ina mtego wake. Nchi hiyo ndogo yenye vituo maarufu vya skii haimo katika eneo la Schengen, na haina uwanja wa ndege wa kimataifa. Mgeni huingia kupitia Ufaransa au Hispania. Akivuka mpaka, amekwisha kutoka Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kushindwa kurudi uwanjani alikoshukia. Bulgaria nayo ilijiunga kikamilifu na Schengen mwezi Januari 2025, kwa hiyo safari ya Bansko sasa hufuata masharti hayo hayo.

Bima ya viza na bima ya skii si kitu kimoja. Bima nyingi za kawaida za safari huitoa skii katika orodha ya mambo yanayolipiwa, na nyingine hulipia ajali iliyotokea ndani ya njia rasmi pekee. Msafiri anapaswa kuuliza mambo manne: je, bima inalipia uokoaji mlimani kwa helikopta, matibabu, kurudishwa nyumbani, na madhara aliyomsababishia mtu mwingine? Tangu mwaka wa 2022, sheria ya Italia inamtaka kila mtelezaji awe na bima hiyo ya kuwafidia watu wengine.

Vifaa na mavazi

Hakuna sababu ya mwanagenzi kununua skii. Zile za kukodi hutunzwa na mafundi na huweza kubadilishwa zikimshinda. Kifaa cha kuangaliwa kwa makini ni kiatu. Kinapaswa kubana mguu wote bila kuuma, na vidole viguse mbele mtu akisimama wima lakini virudi nyuma kidogo akikunja magoti. Soksi ni jozi moja tu. Jozi mbili hujikunja, huzuia damu na huleta malengelenge.

Fundi atauliza uzito, urefu, umri na uzoefu wa mteja, kwa sababu ndivyo vinavyoamua jinsi kifungio kitakavyoachia kiatu mtu anapoanguka. Anayejikweza kuwa bingwa mbele ya rafiki zake anajiwekea mtego: kifungio kisipoachia kwa wakati wake, goti ndilo linaloachia.

Mavazi huvaliwa tabaka tatu: la ndani linalokausha jasho, la kati linaloleta joto, na la nje linalozuia maji na upepo. Pamba haifai kuwa la ndani, kwani ikilowa hukaa na ubaridi. Suruali ya theluji, glavu zisizopenya maji, miwani na helmeti hukamilisha orodha. Mwenye misuko minene au rasta ajaribu helmeti akiwa na mtindo huo huo wa nywele atakaosafiri nao, maana helmeti isiyokaa vizuri haimlindi.

Ngozi nyeusi nayo huungua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miale ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Bila ya miwani, macho huweza kuvimba na kushindwa kuona kwa siku nzima au zaidi.

Siku za mwanzo mlimani

Barani Ulaya, njia hupangwa kwa rangi: kijani na buluu kwa wanagenzi, nyekundu kwa wenye uzoefu, na nyeusi kwa mabingwa. Marekani hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Alama hizo hulinganisha miteremko ya kituo kimoja tu, na buluu ya mahali fulani huweza kuwa ngumu kuliko nyekundu ya kwingine.

Mwalimu wa kulipwa ni bora kuliko rafiki. Rafiki humpandisha mwenzake juu kabla ya wakati, kisha hukata tamaa au huanza kumcheka. Mwalimu huanza na kutembea, kuanguka na kuinuka, kisha kusimama kwa kuzielekeza ncha za mbele za skii pamoja huku za nyuma zikipanuka, mfano wa kipande cha pembetatu. Kupinda hufuata: uzito ukiwekwa mguu wa kushoto, mtelezaji huelekea kulia, na kinyume chake. Kosa la kila mwanagenzi ni kuegemea nyuma kwa hofu, jambo linalomwondolea uwezo wa kuziongoza skii.

Utaratibu mzuri kwa kundi mchanganyiko ni kuachana asubuhi, kila mtu na kiwango chake, na kukutana kwa chakula cha mchana mahali palipokubaliwa, kwa saa iliyotajwa. Simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi, na makubaliano ya mdomo ndiyo yanayobaki.

Kanuni 10

Shirikisho la Kimataifa la Skii lilipitisha kanuni za mwenendo mwaka wa 1967. Nchi nyingi huziheshimu, na mahakama za Ulaya huzitazama zinapoamua nani alikosea katika ajali. Kwa muhtasari ni hizi:

1. Mtelezaji asimhatarishe wala kumdhuru mwingine.
2. Mwendo ulingane na uwezo wake, theluji, hali ya hewa na msongamano.
3. Aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele.
4. Anayepita mwingine aache nafasi ya kutosha.
5. Anayeingia njiani au kuanza tena kuteleza atazame juu na chini kwanza.
6. Kusimama ni pembeni, si katikati wala mahali pasipoonekana.
7. Anayepanda au kushuka kwa miguu apite kandoni.
8. Alama na maelekezo yaheshimiwe.
9. Kila mtu ana wajibu wa kusaidia penye ajali.
10. Aliyehusika na aliyeshuhudia ajali watoe majina yao.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, namba ya dharura ni 112. Penye majeruhi, wenzake husimika jozi ya skii kwa kuzipishanisha, mita chache juu yake, ili kuwaonya wanaoteremka.

Kundi linapogeuka hatari

Nje ya njia rasmi, mambo hubadilika. Maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, na katika ajali nyingi mno zinazoua, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Aliyefukiwa huwa na nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo nafasi hiyo hushuka kwa kasi. Hii ina maana kwamba mwokozi wa kweli ni rafiki aliye karibu, mwenye kifaa cha kutafutia mawimbi, fito na koleo, na anayejua kuvitumia.

Ulaya hutumia kipimo cha hatari cha ngazi tano. Vifo vingi hutokea katika ngazi ya tatu, si ya tano, kwa kuwa ngazi ya tano huwaweka watu ndani, ilhali ya tatu huwapa wengi ujasiri usio na msingi.

Hapa ndipo kundi, lililokuwa kinga, linapoweza kuwa mtego. Kila mtu hudhani mwenzake amesoma taarifa ya asubuhi. Mwenye wasiwasi hunyamaza asionekane mwoga. Waongozaji wenye uzoefu huweka sharti moja jepesi: mtu mmoja akisema hapana, kundi zima hurudi, na haulizwi sababu hadi wafike chini.

Jioni na wasioteleza

Furaha ya likizo hii haiko mteremkoni pekee. Kupika kwa zamu, kucheza karata na kusimulia nani alianguka wapi ndiko kunakowafanya watu warudi mwaka unaofuata.

Waislamu katika kundi wanapaswa kuulizwa mapema kuhusu chakula. Vyakula vingi vya Alps vina mambo yasiyoonekana: fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe, na tartiflette ya Savoie huwa na nyama ya nguruwe. Aidha, katika miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya msimu wa skii. Anayefunga anahitaji kujua hilo kabla ya kulipa arbuni.

Si kila mtu atapenda kuteleza, na safari isiyo na nafasi ya wasioteleza huwageuza kuwa walinzi wa makoti. Vituo vingi vina njia za kutembea, sleji, viwanja vya barafu na mabwawa ya maji moto. Chumba kilicho karibu na katikati ya kijiji huwafaa zaidi kuliko nyumba ya pekee juu ya mlima.

Theluji inayopungua

Wapangaji wa leo wana hesabu moja ambayo Henry Lunn hakuwa nayo. Ongezeko la joto duniani limefupisha msimu katika vituo vya chini, na vingi hutegemea mitambo ya kutengeneza theluji. Olimpiki ya Beijing ya mwaka wa 2022 ilifanyika karibu yote juu ya theluji ya mashine. Chacaltaya nchini Bolivia, kituo kilichowahi kuwa cha juu kuliko vyote duniani, kilipoteza barafuto yake yote kufikia mwaka wa 2009. Kilimanjaro yenyewe, ambako Furtwängler na König waliteleza mwaka wa 1912, ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake kufikia mwanzoni mwa karne ya 21.

Kwa hiyo, kamati nyingi sasa huchagua vituo vya juu, hukwepa wiki za mwanzo na mwisho wa msimu, na husoma masharti ya kurudishiwa fedha iwapo theluji haitaanguka. Mwenye kutaka kusafiri mwezi Februari na wenzake, basi, aitishe kikao cha kwanza kabla ya Septemba kwisha, akiwa na daftari, kalenda na nakala za pasi za kusafiria za wote watakaokwenda.